Beringi ya Mashine ya Kusaga Ikilia, Isikilizwe

Katika vijiji vingi hakuna mtambo unaotumiwa na watu wengi kila siku kama mashine ya kusaga. Mahindi, mtama, ulezi na mihogo mikavu hupita hapo kabla ya kufika jikoni. Mashine ikisimama, kijiji kizima kinajua siku hiyo hiyo. Akina mama hujitwika debe na kwenda kijiji cha pili. Watoto hutumwa kusaga badala ya kwenda shule. Wengine hurudia kinu na mchi, na huku shamba linangoja palizi.

Mara nyingi kinachoisimamisha mashine si injini. Ni kitu kidogo kinachoenea kiganjani, nacho ni beringi. Leo tunataka kueleza beringi ni nini, inakufa kwa sababu gani, na inabadilishwaje. Hatusemi kila msomaji awe fundi. Lakini mashine ni mali ya kikundi au ya kijiji, na mwenye mali asiyeijua mali yake hudanganywa kirahisi.

BERINGI NI NINI

Mashine ya kusaga ya nyundo ina mhimili wa chuma ambao mafundi huuita shafti. Upande mmoja wa shafti kuna puli. Puli huzungushwa na mkanda unaotoka kwenye injini ya dizeli au mota ya umeme. Ndani ya chumba cha kusagia kuna nyundo ndogo ndogo za chuma zilizoning'inizwa. Shafti ikizunguka, nyundo hizo hurushwa nje na kuyapiga mahindi mpaka yawe unga. Unga hupita kwenye matundu ya chekeche na kwenda zake.

Sasa shafti hiyo imeshikwa na nini? Imeshikwa na beringi mbili, moja kila upande. Beringi ina pete mbili za chuma kigumu. Pete ya ndani imekaza kwenye shafti na inazunguka nayo. Pete ya nje imekaa ndani ya kikasha kilichofungwa kwa bolti, na yenyewe haizunguki. Kati ya pete hizo kuna gololi za chuma, na kizimba chembamba kinachozitenganisha zisigongane. Gololi huviringika, na hapo ndipo penye faida. Kila mtu anajua kwamba kuburuta gogo ni kazi ngumu, bali kuliviringisha ni rahisi.

Tupige hesabu kidogo. Mashine nyingi za nyundo huzunguka kati ya mara 2,500 na 4,000 kwa dakika. Tuseme yenu inazunguka mara 3,000. Kwa saa moja ni 3,000 mara 60, yaani mara 180,000. Ikisaga saa tano kwa siku, shafti imezunguka mara 900,000. Punje moja ya mchanga ikiingia ndani ya beringi, inakanyagwa na gololi muda wote huo.

Maarifa haya yana umri mrefu. Mwaka 1794 Philip Vaughan wa Wales alipewa hati ya uvumbuzi wa ekseli ya gari la farasi yenye gololi. Mwaka 1907 huko Sweden, mhandisi Sven Wingquist alitoa aina nyingine. Yeye alikuwa akitunza mitambo ya kiwanda cha nguo mjini Göteborg. Kiwanda kilijengwa juu ya udongo wa mfinyanzi, udongo ukawa unadidimia, shafti zikatoka kwenye mstari na beringi zikawa zinakufa. Akatengeneza beringi yenye safu mbili za gololi, ambayo sehemu yake ya ndani huweza kuinama kidogo kuifuata shafti. Beringi za namna hiyo zimo katika mashine za kusaga hata leo, maana sakafu za vijijini nazo hudidimia.

DALILI ZA BERINGI INAYOKUFA

Beringi haifi ghafla. Hutoa dalili, nazo ni hizi:

1. Sauti. Beringi nzima huvuma kwa sauti moja. Ikianza kulia kama chuma kinachosuguliwa, au kukwaruza kama yenye mchanga, ina ugonjwa. Unaweza kuweka ncha ya kijiti kikavu juu ya kikasha na ncha nyingine karibu na sikio, ukasikia vizuri zaidi. Fanya hivyo upande usio na mkanda tu.

2. Joto. Mashine ikiwa imesaga kwa saa moja, izime, ingoje isimame kabisa, kisha weka kiganja juu ya kikasha. Ukiweza kuhesabu polepole moja mpaka tano bila kuondoa mkono, si mbaya. Ukishindwa kufika tano, kuna jambo.

3. Mtikisiko. Mashine inatetemeka kuliko zamani, na bolti za sakafuni zinalegea kila mara.

4. Kucheza. Mashine imezimwa na mkanda umetolewa. Shika puli, inyanyue na kuishusha. Ukisikia "ko, ko", gololi au pete zimelika.

5. Grisi inayovuja ikiwa nyeusi, au yenye vumbi la chuma linalong'aa.

Katika kijiji kimoja tulichokitembelea, mashine ya kikundi cha akina mama ililia kwa wiki mbili. Mama mmoja alimwambia mwendesha mashine, "Baba, mashine inalia." Akajibiwa, "Inalia ndiyo, mama, lakini si inasaga?" Na kweli iliendelea kusaga. Siku ya kumi na nne beringi ya upande wa puli ikashikana. Pete ya ndani ikakataa kuzunguka, shafti ikawa inazunguka peke yake ndani ya pete na kulika. Moshi ukatoka, mkanda ukaungua.

Baadaye ukatokea ugomvi. Mwendesha mashine alisema alikwisha kumweleza mweka hazina. Mweka hazina akasema hakuambiwa kitu. Kila mmoja aliapa, na hapakuwa na karatasi ya kuamua. Wakati huo beringi moja ilikuwa imegeuka kuwa beringi mbili, mkanda mpya, kazi ya kuchomelea na kuchonga shafti mjini, na nauli mara tatu. Kijiji kikakaa wiki tatu bila kusaga. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

KABLA YA KUGUSA KITU

Zima injini. Kama ni mota ya umeme, zima swichi kubwa, toa fyuzi na uitie mfukoni. Kisha andika kwa herufi kubwa kwenye kipande cha boksi: USIWASHE, MTU YUKO KAZINI. Kitundike kwenye swichi. Ninyi mliohitimu kusoma mnajua faida ya maneno hayo: yanaweza kuokoa mkono wa mtu.

Asiwepo mtu mwenye kanga, shuka au shati linalopepea karibu na mkanda. Hilo ni la siku zote, siyo siku ya matengenezo tu. Watoto wakae nje.

KUITOA BERINGI

1. Legeza bolti za injini au mota, isogeze, utoe mkanda. Usiubandue mkanda kwa bisibisi, utaukata.

2. Weka alama kwa rangi au patasi mahali kila kikasha kilipokaa, na puli ilipokaa kwenye shafti. Alama hizo zitakusaidia wakati wa kurudisha.

3. Toa puli. Puli hushikwa na skrubu au kipande cha chuma kiitwacho kii. Ilegeze kwanza, kisha uivute kwa pula, yaani kile chombo chenye miguu miwili au mitatu na skrubu ndefu katikati. Ukiigonga puli kwa nyundo utaivunja au utaipinda shafti.

4. Fungua vikasha, ufute uchafu wote wa nje kabla ya kufunua. Unga wa nje usiingie ndani.

5. Tazama beringi imeshikwa kwa njia gani. Nyingine zina skrubu mbili ndogo kwenye pete ya ndani. Hizo hulegezwa na beringi huteleza. Nyingine zina bushi iliyochongoka na nati. Nyingine zimekaza moja kwa moja kwenye shafti, nazo huvutwa kwa pula. Miguu ya pula ishike pete ya ndani.

6. Beringi ya upande wa pili nayo ikaguliwe. Zote mbili zimezunguka siku sawa.

BERINGI ILIYOKUFA INASEMA

Mafundi wengi huitupa beringi mbovu kichakani. Huko ni kutupa barua bila kuisoma. Ifute, itazame juani, utajua kilichoiua. Usipokijua, beringi mpya itakufa kwa ugonjwa ule ule.

Ikiwa imegeuka rangi ya kahawia au buluu, iliungua. Huenda ilikosa grisi, au mkanda ulikazwa mno. Ikiwa ina kutu, iliingiwa na maji. Ikiwa grisi yake imekuwa kama ugali, unga uliingia kwa sababu kizuizi cha vumbi kilichakaa. Ikiwa ina vishimo vilivyopangana kwa nafasi sawa kama gololi zilivyopangana, ilipigwa nyundo wakati wa kufungwa. Ikiwa njia ya gololi imelika kwa kuinama, upande huu huku na upande ule kule, shafti haikukaa kwenye mstari. Na ikiwa imebanduka magamba magamba baada ya miaka ya kazi, bila dalili nyingine, basi imezeeka tu. Hiyo ilikufa kifo cha halali.

KUSOMA NAMBA YA BERINGI

Hapa ndipo elimu yako inapolipa. Kila beringi imeandikwa namba ubavuni mwake. Ifute kwa kitambaa, uinakili kwenye karatasi, na mtu wa pili aisome tena kuhakikisha. Usimtume mtu dukani na maneno "beringi ya mashine ya kusaga".

Tuchukue namba 6308. Tarakimu ya kwanza, 6, inaonyesha aina: beringi ya safu moja ya gololi. Tarakimu ya pili, 3, inaonyesha unene wa umbo lake. Tarakimu mbili za mwisho, 08, zinaonyesha tundu la ndani. Zizidishe kwa 5, upate milimita. Nane mara tano ni 40. Kwa hiyo shafti yake ni ya milimita 40. Kanuni hii inafaa kuanzia 04 kwenda juu.

Sasa linganisha. Beringi 6308 ina tundu la milimita 40, upana wa nje milimita 90 na unene milimita 23. Beringi 6208 ina tundu lile lile la milimita 40, lakini upana wa nje ni milimita 80 na unene ni milimita 18. Itaingia kwenye shafti vizuri, lakini ndani ya kikasha itapwaya. Kosa la tarakimu moja tu, na nauli ya mjini imepotea.

Iko na beringi 1308. Hiyo ina vipimo sawa kabisa na 6308, ila tarakimu 1 inaonyesha ni ya safu mbili, ile inayoweza kuinama. Ukiitoa hiyo ukatia 6308, itaingia bila shida, lakini shafti ikipinda mstari kidogo tu, beringi haitavumilia.

Herufi nazo zina maana. ZZ ni vifuniko vya bati pande zote mbili. 2RS ni vifuniko vya mpira. C3 ina maana kwamba gololi zimepewa nafasi zaidi kwa ajili ya kazi ya joto. K ni tundu lililochongoka, na haikai kwenye shafti iliyonyooka bila bushi yake. Nakili herufi pamoja na namba.

Ukiwa dukani, tazama maandishi. Beringi za bandia zipo sokoni. Maandishi yawe safi na yasifutike kwa kidole. Izungushe polepole: isikwaruze wala isikwame. Dai risiti, na namba iandikwe kwenye risiti.

KUFUNGA BERINGI MPYA

1. Safisha shafti kwa mafuta ya taa, uipitishe msasa laini kuondoa kutu. Ikiwa imelika, usizibe pengo kwa kipande cha bati. Wala usitoboe-toboe shafti ili ikaze. Yote hayo ni dawa ya wiki moja. Ipelekwe kwenye karakana yenye mashine ya kuchonga chuma, ijazwe na kuchongwa kwa kipimo.

2. Fungua karatasi ya beringi mpya wakati wa kuifunga, si kabla. Usiioshe. Yale mafuta iliyopakwa kiwandani ni ulinzi wake.

3. Beringi inayokaza isiyo na vifuniko huingia kirahisi ikipashwa moto. Weka sufuria ndogo yenye mafuta safi ya injini ndani ya sufuria kubwa ya maji yanayochemka. Maji yanayochemka hayazidi nyuzi 100, kwa hiyo beringi haitaungua. Ining'inize kwa waya isiguse chini, na maji yasirukie kwenye mafuta. Baada ya nusu saa hivi pete ya ndani itakuwa imetanuka. Ni nafasi ndogo kuliko unene wa unywele, lakini inatosha. Ishike kwa vitambaa vikavu vizito, uisukume mara moja mpaka mwisho, uishikilie mpaka ikaze. Usiichome beringi kwa moto wa gesi wala kuitupa kwenye makaa. Chuma chake kitalainika. Yenye vifuniko vya mpira isipashwe hivyo.

4. Ukilazimika kugonga, tumia kipande cha bomba kinachokaa sawasawa juu ya pete ya ndani. Ukigonga pete ya nje, pigo linapita kwenye gololi na kuacha vishimo.

5. Jaza grisi ndani ya beringi yenyewe kati ya gololi. Lakini kikasha kijazwe theluthi moja mpaka nusu tu. Watu hudhani grisi nyingi ni huruma. Sivyo. Grisi ikijaa kabisa inakorogwa kwa kasi na kuzaa joto. Tumia grisi ya beringi. Mafuta ya kupikia, mafuta ya mnyama na oili chafu si grisi.

6. Rudisha vikasha kwenye alama. Zungusha shafti kwa mkono. Izunguke bila kukwama kabla na baada ya kukaza bolti.

7. Nyoosha puli. Vuta uzi kutoka ukingo wa puli ya injini mpaka ukingo wa puli ya mashine. Kama kingo zina unene sawa, uzi uguse sehemu nne bila pengo.

8. Kaza mkanda kwa kiasi. Mkanda uliolegea unateleza, lakini uliokazwa kama uzi wa zeze unaivuta beringi usiku na mchana.

9. Kagua nyundo. Zikiwa zimelika, zibadilishwe zote pamoja. Zipimwe kwenye mizani ya duka, na zinazoelekeana ziwe na uzito sawa. Nyundo moja mpya kati ya kuukuu huitikisa mashine mpaka beringi ife.

10. Washa bila mahindi kwa nusu saa. Zima, pima joto kwa kiganja. Siku ya kwanza itapata joto kidogo mpaka grisi ikae mahali pake. Halafu anza na debe moja.

DAFTARI LA MASHINE

Tumesimulia ule ugomvi wa mwendesha mashine na mweka hazina. Dawa yake ni daftari la kawaida, lenye safu tano: tarehe, saa za kazi, grisi iliyotiwa, jambo lililoonekana, na sahihi. Mwendesha mashine akisikia mlio, anaandika: "Beringi ya upande wa puli inalia." Mweka hazina anasoma na kutia sahihi siku hiyo hiyo. Neno la mdomo halina tarehe, na fundi anayetoka mjini hawezi kulisoma.

Humo humo iandikwe namba ya kila beringi, urefu wa mkanda na aina ya grisi. Na kila wiki kikundi kiweke akiba kidogo ya vipuri kutoka kwenye fedha za kusagia, mpaka beringi moja ya akiba ikae sandukuni ikiwa ndani ya karatasi yake. Siku ya kuihitaji, kazi itakuwa ya mchana mmoja.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Beringi namba 6209 inafaa shafti ya milimita ngapi?

2. Mashine inazunguka mara 2,800 kwa dakika. Kwa saa nne itazunguka mara ngapi?

3. Mashine ya kijiji chenu imewahi kusimama? Akina nani walipata taabu zaidi, na nani aliona dalili kwanza?

4. Je, mwendesha mashine wenu ana ruhusa ya kuizima mashine inapolia, hata kama foleni ni ndefu? Kama hana, nani ampe?